Nimestaafu jeshi, sasa vijana wangu wa kuzima moto wananikimbia

Kwako mshauri, kamwene.

Mimi ni mstaafu wa JWTZ, cheo changu cha mwisho ni Sajinitaji. Nina miaka 47. Nimetumikia miaka 24, ndani yake kipindi kimoja cha ulinzi wa amani Darfur. Huu ni mwaka wa tatu tangu nirudi kijijini kwetu, Mufindi. Kiinua mgongo kilimalizia nyumba, kikanunua eka sita za mipaini na ng'ombe wawili wa maziwa. Kwa hiyo elewa kwamba sikuandikii kwa sababu ya njaa.

Mwaka wa kwanza niliishi kama mgeni. Saa 10 alfajiri niko macho. Nimefagia uwanja, nimekama, jua bado. Halafu hakuna kitu mpaka jioni. Watu walinialika kwenye vikao vya harusi wakanipa ulinzi wa geti, basi. Septemba ile moto ukatoka vinyunguni, yaani kwenye bustani za bondeni, ukapanda mlima, ukala zaidi ya eka 40 za miti ya watu mchana mmoja. Nilikuta watu wamesimama barabarani na matawi mkononi, kila mmoja anapiga kelele zake. Nikaongoza. Usiku ule nililala mpaka saa 12 asubuhi, mara ya kwanza tangu nivue kombati.

Basi nikaunda kikosi. Vijana 22. Kwa pensheni yangu nilinunua mabomba sita ya mgongoni ya lita 16, reki nane na madumu. Vipigio 15 vya kupigia moto tulivitengeneza wenyewe: kipande cha mpira wa kukingia tope wa lori, sentimita 40 kwa 30, kimekatwa mistari na kufungwa kwa bolti kwenye mpini wa mita mbili. Mazoezi ni kila Jumamosi saa 12 asubuhi uwanja wa shule, majina yanaitwa, anayechelewa anaruka kichura. Msimu wa kwanza tulizima mioto saba na hakuna aliyepoteza hata nusu eka.

Mwaka jana, Oktoba, moto ulipanda korongo saa 8 mchana. Niliamuru tuwashe moto wa kukabili, yaani moto wetu wa kula nyasi mbele ya ule unaokuja, kutoka kwenye njia ya miguu. Upepo ukageuka. Kijana mmoja wa miaka 19 alikuwa chini ya njia na kipigio. Akakimbilia juu. Alikuwa amevaa kaptula ya jezi, ile nailoni, na yeboyebo miguuni. Nailoni ilimgandia nyuma ya goti. Alilazwa wiki tano. Anatembea, ila mguu haunyooki vizuri. Wazazi wake hawajaniambia neno. Mimi sijapita njia ya kwao tangu siku hiyo, nazungukia kanisani.

Sasa wamebaki tisa. Vijana wa siku hizi hawana nidhamu, wanataka posho. Mwenyekiti wa kijiji alisema kikaoni kwamba hapa si kambini na kikosi changu hakimo kwenye muhtasari wowote. Wengine wanasema nakitaka kiti chake. Kina mama wa vinyunguni nao wanachoma kama kawaida, ukiwaambia wanacheka. Mke wangu ananiambia, "Begi lako lilifika, mwenye begi tunamsubiri." Usiku nikisikia harufu ya moshi, hata wa jikoni kwa jirani, natoka nje kuangalia mlima.

Mvua zimekatika wiki mbili zilizopita. Masika huwa nasubiri tu, lakini msimu ndio huo unakuja. Je, niachane na kazi hii? Au nikaze, niombe kijiji kitunge sheria ndogo ya faini kwa anayetoroka kikosi?

Mstaafu, Mufindi

*

Kamwene kaka yangu, na pole.

Umeuliza kuacha au kukaza, lakini ndani ya barua yako naona mambo matatu yamefungwa kamba moja. Kuna kikosi kilichopungua kutoka 22 hadi tisa. Kuna goti la kijana mmoja. Na kuna mtu aliyelala usingizi mzuri usiku wa siku ambayo mlima uliungua. Ukiyajibu yote kwa neno moja, mawili kati yake yatabaki yalipo.

Nianze na goti, maana hilo halingoji msimu.

Kovu la moto nyuma ya kiungo lina tabia ya kujivuta. Ngozi mpya inaponenepa na kukaza hukokota mguu ukabaki umekunjika, na mwendo huo unaweza kuendelea mwaka mzima au zaidi baada ya kidonda kufunga. Kwa hiyo "anatembea ila mguu haunyooki vizuri" si habari ya mwaka jana, inaendelea sasa hivi. Kinachosaidia ni mazoezi ya kunyoosha yanayofundishwa na mtaalamu wa viungo, mara kadhaa kila siku, na gango la kulalia usiku goti likiwa limenyooka. Kovu likishagoma kabisa, kuna upasuaji wa kulilegeza. Hospitali ya rufaa ya mkoa ndiyo pa kuanzia. Kila mwezi unaopita huku ukizungukia kanisani, kazi hiyo inakuwa ngumu zaidi kwake.

Najua kinachokuzuia si umbali. Unaogopa kwamba wazazi wale wamenyamaza kwa hasira. Labda. Ila katika nyumba nyingi za kwetu, mzazi hanyanyuki kumfuata mkubwa aliyemkosea. Anakaa kwake akimsubiri. Ukienda, nenda na mzee mmoja anayeheshimiwa pande zote mbili, asubuhi, na bahasha usiitangulize, maana pesa inayofika kabla ya maneno husomeka kama malipo ya kufunga mdomo. Eleza kilichotokea kama ungemweleza mkuu wako wa kikosi: saa ngapi, upepo ulitoka wapi, uliamuru nini, kijana alisimama wapi, na kwamba hukukagua mavazi yake. Neno "ajali" waachie wao walitumie kwanza. Hatari zipo. Wanaweza kudai gharama za wiki tano, wanaweza kukufokea mbele ya mzee uliyekwenda naye, na habari inaweza kumfikia mwenyekiti kabla hujafika nyumbani. Uzito huo utaupima wewe. Ninachokiona mimi ni kwamba vijana 13 waliondoka baada ya Oktoba, na kila mmoja wao anajua unapita njia gani kwenda dukani.

Hapo nauliza hilo la nidhamu. Unasema vijana wa siku hizi hawana nidhamu. Msimu wa kwanza hao hao walizima mioto saba, wakiruka kichura Jumamosi bila mshahara. Tuangalie na kalenda yao. Kuanzia Juni hadi Oktoba, barabara zikiwa kavu, ndipo malori ya mbao yanapopita na vibarua vya kupakia na kupasua vinapopatikana. Siku moja mlimani ni siku moja bila hela. Jeshini ulipomwamuru askari, nyuma ya amri hiyo kulikuwa na mshahara, chakula, viatu na daktari. Huku nyuma ya amri kuna wewe tu, na mama yake kijana anayeuliza mwanangu akiungua nani atamtibu. Sioni kama hilo ni swali la mvivu. Yawezekana wapo wavivu pia, wapo kila mahali. Lakini kabla ya kuandika faini, ningetaka kujua wale 13 wangejibu nini kama angewauliza mtu asiye wewe.

Kuhusu faini yenyewe: sheria ndogo hupendekezwa na halmashauri ya kijiji, hupelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, halafu huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Si jambo la wiki mbili, na mwenyekiti uliyemtaja ndiye anayeongoza vikao vyote viwili vya kijiji. Hata ikipita, utakuwa umegeuza kujitolea kuwa kutumikishwa, na sitashangaa wale tisa wakiwa wa kwanza kutafuta mlango. Sheria ndogo inayosimamia uchomaji wa mashamba ni jambo jingine kabisa. Hiyo inaweza kuwa na maana.

Na hapa ndipo barua yako ilinishika. Umeeleza kipigio kwa sentimita. Umeeleza Oktoba kwa saa na upepo. Masika umeipa maneno matatu: "huwa nasubiri tu". Wewe unajua kuliko mimi kwamba moto wa Septemba hushindwa au hushinda mwezi Mei. Sasa hivi, mvua zikiwa zimekatika na ardhi bado laini, ndipo barabara ya moto, ule ukanda usio na nyasi wa kuzuia moto, inapolimwa. Ukiwahi mno, Machi, nyasi hurudi. Ukichelewa mpaka Agosti, jembe linagonga jiwe na nyasi zilizokatwa zinabaki marundo marundo pembeni zikisubiri cheche.

Tuseme upande wa vinyungu unahitaji barabara ya moto ya kilomita tatu, upana wa mita 10, kipimo ambacho wakulima wengi wa miti hukitumia pembezoni mwa shamba. Hizo ni mita za mraba 30,000, eka saba na kitu. Mtu mmoja kwa jembe, akikwangua mpaka udongo uonekane, anamaliza kama mita za mraba 150 kwa asubuhi moja. Unahitaji asubuhi 200. Vijana tisa watakata tamaa wiki ya kwanza. Lakini kaya 100, kila kaya ikipewa ngwe ya mita 30 iliyopimwa kwa kamba na kuwekwa vigingi, zinamaliza kwa asubuhi mbili. Huo ni msaragambo wa kawaida, haumhitaji shujaa. Unamhitaji mtu wa kupima kamba, kuandika majina, na kupita jioni kuona nani amerundika nyasi upande wa miti badala ya upande wa nje, nani ameacha gogo limelala katikati kama daraja, na wapi mteremko ni mkali kiasi kwamba afadhali kufyeka chini kuliko kulima, mvua ya kwanza isije ikafanya korongo jipya. Nani kijijini anaweza kazi hiyo kuliko sajini?

Ni fatiki, kazi za suluba za kambini, najua. Hakuna king'ora. Hakuna atakayekushukuru kwa moto ambao haukutokea. Ndiyo maana nakuuliza, taratibu: unaupenda ulinzi wa mlima, au unaipenda ile siku mlima unapowaka na kila mtu anakutazama wewe? Hakuna aibu katika jibu la pili. Mtu aliyekaa miaka 24 akiwa na nafasi yake kwenye mstari hurudi kijijini akakuta mstari haupo, na moto ulikupa mstari ndani ya saa moja. Lakini kama ni hilo, basi kila msimu tulivu utakuwa adhabu kwako, na siku upepo ukiwa na mashaka mkono wako utakuwa mwepesi kuamuru.

Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa Oktoba. Ila saa 8 mchana ni saa ambayo jua limeshapasha mteremko, upepo unapanda na kuzunguka korongoni, na moto unaopanda mlima mwendo wake hukaribia kuwa maradufu kwa kila digrii 10 za mteremko. Moto wa kukabili uliowashwa kwenye njia ya miguu, ambayo ni mita moja tu, hauna mgongo wa kuegemea. Watu wenye uzoefu wa moto wa msituni huuwasha kutoka barabara pana iliyokwisha kulimwa, baada ya kuhakikisha hakuna mtu chini, na kama inawezekana husubiri saa 11 jioni upepo ukilala. Na kila aliye mstarini anajua mambo mawili kabla hajashika kipigio: filimbi ya kurudi inalia vipi, na eneo lililokwisha kuungua liko upande gani, maana hapo ndipo pa kukimbilia. Kijana wako alikimbilia juu kwa sababu ndiko kila mtu anayeogopa hukimbilia. Kama kikosi kitaendelea, hata bila wewe, sheria ya nailoni na yeboyebo haina mjadala: pamba nzito, suruali ndefu, kiatu cha ngozi, la sivyo unabaki kubeba maji. Akiungua mtu, maji safi ya baridi yanayotiririka dakika 20, kitambaa safi, hospitali. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia yaacheni nyumbani.

Kina mama wa vinyunguni wanakucheka, umesema. Wanachoma kwa sababu majani ya bondeni ni mengi na wanataka kupanda kabla unyevu haujaisha. Kwao moto ndio jembe la bei rahisi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kabla ya kuchoma, wanajua, na ukiwatishia nayo watachoma kwa kujificha, yaani mchana wa jua kali wakati nyinyi mko kwenye vibarua. Je, kuna aliyewahi kuwaambia: tuiteni tuje tuchome nanyi? Marundo madogo badala ya shamba zima, ukanda wa mita tatu uliolimwa kuzunguka, kabla ya saa 3 asubuhi, watu wawili na bomba moja la mgongoni, na hakuna kuondoka mpaka jivu liguswe kwa mgongo wa mkono likiwa baridi. Wengine mnaweza kuwakutanisha na afisa ugani awaonyeshe kufukia majani. Vijana wako wangekuwa wanafanya kazi yenye usalama, kwa saa mbili, na mama mwenye kinyungu anaweza hata kuwapa viazi. Hatari yake ni kwamba ukishiriki uchomaji na moto ukatoroka, ni moto wako pia.

Kwa sababu hiyo hoja ya mwenyekiti kuhusu muhtasari usiichukue kama kijembe tu. Kikosi kisichoandikwa popote kikiunguza miti ya mtu kwa moto wa kukabili, anayeshtakiwa ni wewe binafsi. Kikiwa chini ya kamati ya halmashauri ya kijiji, kuna barua, kuna daftari la vifaa, na kuna wa kumuuliza kuhusu matibabu. Gharama yake ni kwamba hutakuwa tena wa mwisho kusema. Anaweza kuteuliwa kiongozi ambaye wewe ungempa kazi ya kuchota maji. Njia nyingine ni kupitia mgambo, kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya, lugha utakayoielewa haraka. Lakini vijiji vingi vinamjua mgambo kwa ushuru na kukamata watu, na sidhani kama ndio uso unaotaka kuupeleka vinyunguni. Na kiti cha uenyekiti: uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 2024, ujao uko mbali. Kama hukitaki, mwambie mwenyewe, ana kwa ana, na umwombe yeye apige jembe la kwanza siku ya msaragambo. Kama unakitaka, hilo nalo si kosa, ila likae peke yake, lisijifiche nyuma ya kikosi.

Kuacha kabisa pia ni njia. Wapo wanaokaa msimu mmoja pembeni, wakamwachia filimbi kijana mmojawapo kati ya wale tisa, wakabaki kufundisha Jumamosi tu. Msimu huo utauma. Utausikia moshi na mtu mwingine ataamuru vibaya mbele ya macho yako. Pengine eka kadhaa zitaungua ambazo wewe ungeziokoa. Na ukiacha bila kwenda kwa wazazi wa yule kijana, nadhani utakuwa umeacha kikosi tu, hilo jingine utatembea nalo.

Usingizi sikuusahau. Kuamka saa 10 ni mazoea ya kazi. Kutoka nje kila ukisikia moshi wa jiko la jirani, baada ya Darfur na baada ya Oktoba, ni jambo ambalo wahudumu wa afya ya akili wanalijua na wana namna za kulitibu. Si lazima uanze na hadithi nzima. Fika hospitali, sema "silali", inatosha kwa siku ya kwanza. Mama watoto aende nawe kama atapenda. Yeye kwa sentensi moja alisema kile ambacho mimi nimekizunguka hapa kurasa nzima.

Kabla ya kuamua lolote kuhusu Septemba, hebu kaa naye jioni moja mpange miezi ya mvua: nani anakama, nani anapogoa mipaini, Jumamosi ni za nani. Na ukiniandikia tena, nieleze Februari yako kwa urefu ule ule uliotumia kwenye kipigio.